Kupima mionzi ya beta kwenye sampuli za maabara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa uzamili, mafundi sanifu wa maabara na yeyote aliyekabidhiwa mashine ya kupima beta akaachiwa na kijitabu cha maelekezo kisichosaidia. Maswali hayajapangwa kama sura za kitabu. Jambo moja litajitokeza karibu kila mahali: namba inayotoka kwenye mashine ni idadi ya mapigo iliyoyaona, na kazi ya mpimaji ni kujua imekosa mangapi.

Beta ni nini hasa, na kwa nini kuipima kunasumbua kuliko gama?

Chembe ya beta ni elektroni inayofyatuka kutoka kwenye kiini cha atomu pale nyutroni inapogeuka kuwa protoni. Ipo pia beta chanya, yaani positroni, ile inayotumika kwenye skana za PET hospitalini, lakini hapa tunazungumzia beta hasi.

Tabu ya kwanza ni kwamba beta hazitoki na nishati moja. Gama ya siziamu-137 hutoka na keV 662 kila mara (keV ni kipimo cha nishati ya chembe), kwa hiyo kigunduzi kizuri huichora kama kilele chembamba na unaijua papo hapo. Beta za isotopu moja hutoka na nishati yoyote kuanzia karibu sifuri hadi kikomo cha isotopu hiyo, na wastani wake ni kama theluthi ya kikomo. James Chadwick alilionyesha hilo mwaka 1914 akiwa Berlin, na likawaumiza vichwa wanafizikia hadi Wolfgang Pauli alipopendekeza, mwaka 1930, kwamba kuna chembe nyingine isiyoonekana inayogawana nishati na elektroni. Chembe hiyo, nyutrino, ilikuja kunaswa mwaka 1956 na Clyde Cowan na Frederick Reines kwa matangi makubwa ya kimiminika cha sintilesheni, yaani kinachotoa mmweko kikipigwa na mionzi. Kanuni ni ileile inayofanya kazi ndani ya kichupa chako cha mililita 20.

Kwa mpimaji maana yake ni hii: grafu ya beta ni kilima kipana kisicho na kilele cha kutambulisha isotopu, na sehemu ya kilima hicho, ile ya nishati ndogo, daima iko hatarini kupotea.

Tabu ya pili ni umbali. Beta husimamishwa na vitu vyepesi: karatasi, maji, ukuta wa kichupa, hata sampuli yenyewe. Gama hutoka ndani ya sampuli na kukifuata kigunduzi. Kwa beta ni lazima wewe uisogeze sampuli hadi igusane na kigunduzi, na mara nyingi uichanganye nacho kabisa.

Nimeweka kaunta ya Geiger juu ya sampuli ya tritiamu, iko kimya. Imeharibika?

Hapana. Beta kali kuliko zote za tritiamu ina keV 18.6, na haisafiri zaidi ya milimita 6 hivi hewani. Kwenye maji haivuki mikromita 6 au 7. Dirisha la maika la kaunta ya kawaida linaizuia kabla haijaingia. Unaweza kuwa na benchi lililochafuka kwa tritiamu kuanzia ukingo hadi ukingo na kaunta ikakuambia ni safi.

Isotopu ambazo maabara nyingi hukutana nazo ziko hivi:

- Tritiamu: keV 18.6, nusu-maisha (muda wa nusu ya atomu kuvunjika) miaka 12.3.
- Kaboni-14: keV 156, nusu-maisha kama miaka 5,700. Kaunta ya Geiger huiona kwa asilimia chache tu.
- Salfa-35: keV 167, nusu-maisha siku 87. Kwa mashine, inafanana mno na kaboni-14.
- Fosforasi-32: keV 1,710, nusu-maisha siku 14.3. Hii Geiger huiona vizuri. Beta zake husafiri mita kadhaa hewani.
- Strontiamu-90: keV 546, nusu-maisha karibu miaka 29, pamoja na mtoto wake, yaani zao la mvunjiko wake, itriamu-90 mwenye keV 2,280.

Kwa hiyo ukaguzi wa uchafuzi wa tritiamu hufanywa kwa kufuta. Chukua karatasi ya chujio yenye unyevu kidogo, futa eneo la sentimita mraba 100, itumbukize kwenye kichupa chenye kokteli (kimiminika cha sintilesheni), ipime. Unapokokotoa, kanuni iliyozoeleka ni kuchukulia kwamba karatasi imeokota asilimia 10 tu ya uchafu uliokuwepo.

Mashine ya sintilesheni ya kimiminika inafanyaje kazi?

Sampuli huyeyushwa au huchanganywa kwenye kimiminika ambacho mafundi hukiita kokteli. Ndani yake kuna kiyeyushi kinachopokea nishati ya beta, kemikali ya kung'aa (PPO ndiyo iliyozoeleka) inayoigeuza nishati hiyo kuwa mwanga, na sabuni maalumu inayowezesha maji kukaa pamoja na mafuta. Zamani kiyeyushi kilikuwa toluini au zailini, vyenye harufu kali na kushika moto upesi. Siku hizi kokteli nyingi hutumia viyeyushi kama di-isopropilinaftalini, ambavyo haviwaki kirahisi.

Kila beta huzaa mmweko mdogo. Kadiri beta ilivyokuwa na nishati, ndivyo fotoni zinavyokuwa nyingi. Fotomaltiplaya mbili zinazotazamana (vigunduzi vinavyogeuza mwanga kuwa pigo la umeme) huutazama mmweko huo, na mashine hukubali pigo pale tu zote mbili zinapoona mwanga ndani ya sehemu chache za bilioni za sekunde. Sharti hilo ndilo linaloondoa kelele, kwa sababu kila fotomaltiplaya ikiwa peke yake hutoa mapigo ya uongo yasiyoisha. Lakini ndilo pia linaloiponza tritiamu: beta dhaifu huzaa fotoni chache, na zote zikielekea upande mmoja, pigo halihesabiwi.

Mashine inaniandikia CPM na DPM. Niweke ipi kwenye ripoti?

CPM ni mapigo kwa dakika, yaani yaliyoonekana. DPM ni mivunjiko kwa dakika, yaani atomu zilizovunjika kweli. Kati yake kuna ufanisi, yaani sehemu ya mivunjiko ambayo mashine imeiona. Ripoti huandikwa kwa bekereli (Bq), ambayo ni mvunjiko mmoja kwa sekunde, kwa hiyo gawanya DPM kwa 60. Ukikuta kyuri kwenye lebo za wauzaji, mikrokyuri 1 ni kilobekereli 37.

Chukua mfano. Sampuli imetoa mapigo 4,650 kwa dakika na sampuli tupu, isiyowekwa isotopu, imetoa 30. Tofauti ni 4,620. Ikiwa ni kaboni-14 na ufanisi ni asilimia 92, mivunjiko ni 5,022 kwa dakika, sawa na Bq 83.7. Ikiwa ni tritiamu kwenye maji na ufanisi ni asilimia 30, mapigo yaleyale 4,620 yanakuwa mivunjiko 15,400, sawa na Bq 257. Mashine moja, namba moja, majibu mawili yanayopishana mara tatu.

Ndiyo maana jedwali la tasnifu lenye CPM peke yake halimsaidii msomaji. Hata kulinganisha CPM za sampuli mbili za isotopu moja ni kosa kama moja ilikuwa na damu na nyingine ilikuwa maji matupu. Na usiiamini safu ya DPM kwa sababu tu imechapishwa: programu huijaza kwa mkunjo (grafu) wowote wa ufanisi iliopewa, uwe sahihi au usiwe.

Kwenchi ni nini?

Ni kufifia kwa mwanga kabla haujafika kwenye fotomaltiplaya, na ndicho chanzo cha makosa mengi kuliko vyote kwenye kazi hii. Iko ya namna mbili kuu.

Ya kwanza ni ya kikemia. Kitu kilichomo kwenye sampuli hunyakua nishati kabla haijageuka mwanga. Asetoni, klorofomu, tetrakloridi ya kaboni, asidi kali, oksijeni iliyoyeyuka, hata maji yenyewe. Klorofomu ni mkorofi kiasi kwamba tone chache huangusha ufanisi wa tritiamu vibaya.

Ya pili ni ya rangi. Mwanga umeshazaliwa, lakini rangi ya sampuli inaumeza njiani, kama koroboi inayotazamwa kupitia moshi. Mwanga wa kokteli uko upande wa buluu, hivyo wabaya zaidi ni njano, kahawia na nyekundu: mkojo, damu, majani yaliyosagwa, maji ya bwawa yenye udongo. Damu hupaushwa kwa peroksaidi ya haidrojeni baada ya tishu kuyeyushwa, halafu huachwa itulie.

Utaitambua kwa kutazama grafu. Kilima kizima husogea kushoto, kuelekea nishati ndogo. Kaboni-14 hustahimili, kwa sababu bado sehemu kubwa ya kilima chake inabaki juu ya kizingiti cha mashine kuhesabu. Tritiamu ilikuwa ukingoni tangu mwanzo, kwa hiyo inadondoka. Kipimo cha tritiamu bila kuangalia kwenchi hakina maana yoyote, na hapo sioni nafasi ya mjadala.

Mashine nyingi hupima kwenchi kwa chanzo cha gama kilichofichwa ndani yake, mara nyingi bariamu-133 au europiamu-152. Chanzo hicho husogezwa chini ya kichupa kwa sekunde chache, gama zake hurusha elektroni ndani ya kokteli, na mashine husoma mwanga wake umefifia kiasi gani. Inatoa namba, na namba hiyo inasomwa kwenye mkunjo unaoonyesha ufanisi.

Mkunjo wa ufanisi uliokuja na mashine unatosha?

Unatosha ikiwa unatumia kokteli ileile, ukubwa uleule wa kichupa, ujazo uleule, na kwenchi ya aina ileile. Hilo hutokea mara chache. Tengeneza wako. Chukua vichupa kumi hivi, weka kila kimoja kiasi kilekile cha isotopu yenye cheti, kisha ongeza kwenchi hatua kwa hatua (nitromethani hutumika sana) kuanzia sifuri hadi kupita sampuli yako chafu kuliko zote. Pima, chora, hifadhi. Mkunjo usivutwe nje ya pointi zake: sampuli ikiangukia nje, ipunguze au iandae upya.

Kama sampuli ni chache kuna njia ya zamani iliyo bora: kuongeza ndani. Pima sampuli, weka ndani ya kichupa hichohicho kiasi kidogo unachokijua cha sanifu (isotopu yenye cheti), pima tena. Ongezeko la mapigo likigawanywa kwa mivunjiko uliyoongeza ndilo ufanisi wa kichupa kile kile, pamoja na uchafu wake wote. Inachosha, na sampuli hairudi tena, lakini ni vigumu kuipinga.

Zipo pia mashine zenye fotomaltiplaya tatu. Hizi hulinganisha mara ambazo zote tatu zimeona mmweko na mara ambazo walau mbili zimeuona, na uwiano huo hukokotolewa kuwa ufanisi bila chanzo cha nje. Ukipata nafasi kwenye maabara yenye mashine hiyo, itumie kuhakiki mkunjo wako.

Sampuli tupu zinatoa mapigo mengi kuliko jana. Nimechafua?

Huenda. Lakini kabla hujaanza kumlaumu mtu, angalia mambo matatu.

Mwanga wa kikemia: sampuli zenye alkali, peroksaidi au dawa za kuyeyusha tishu hung'aa zenyewe baada ya kuchanganywa na kokteli, na hupungua kwa saa kadhaa. Pima kichupa hichohicho mara tatu kwa vipindi vya saa moja. Isotopu yako haiwezi kupungua nusu kwa saa mbili (labda iwe ya maisha mafupi mno), hivyo kikishuka, umempata mhalifu. Acha vichupa gizani usiku kucha, mahali pa baridi kama pana nafasi.

Mwanga wa jua au taa: kokteli iliyokaa dirishani hubeba mng'ao wa muda. Dakika kumi na tano hadi thelathini gizani ndani ya mashine mara nyingi huumaliza.

Umeme tuli: vichupa vya plastiki vikishikwa kwa glavu kwenye hewa kavu hukusanya chaji na kutoa mimweko. Kwenye miji ya nyanda za juu wakati wa kiangazi jambo hili ni la kawaida. Kwenye unyevu wa pwani ni nadra. Futa kichupa kwa kitambaa chenye unyevu.

Yote matatu huonekana kama mapigo ya nishati ndogo sana, kwa hiyo huharibu tritiamu kwanza na fosforasi-32 mwisho.

Kichupa cha kioo au cha plastiki?

Kioo cha kawaida kina potasiamu, na potasiamu ina potasiamu-40 inayotoa beta. Tumia kioo chenye potasiamu kidogo, au plastiki ya polithini. Plastiki huleta mapigo machache ya usuli (yasiyotoka kwenye sampuli), lakini toluini na zailini hupenya kuta zake polepole, kwa hiyo kwa kokteli za kizamani baki na kioo. Andika alama kwenye kifuniko, kamwe si ubavuni: wino unameza mwanga.

Nipime kwa dakika ngapi?

Mvunjiko wa atomu ni wa kubahatisha, na kutokuwa na uhakika kwake ni kipeuo cha pili cha idadi ya mapigo. Mapigo 100 yana shaka ya asilimia 10. Mapigo 10,000 yana shaka ya asilimia 1. Dakika zenyewe hazina maana hadi ujue zimekusanya mapigo mangapi.

Sampuli yenye nguvu inatosheka na dakika moja au mbili. Dhaifu ni kazi nyingine. Tuseme umepima dakika moja, sampuli ikatoa 36 na tupu ikatoa 30. Tofauti ni 6, lakini shaka yake ni kipeuo cha 66, yaani kama 8. Hujapata kitu, ingawa programu itakuandikia kwa ujasiri kwamba umepata mapigo 6. Pima zote mbili kwa dakika 100: ikiwa uwiano utabaki uleule utapata tofauti ya mapigo 600 yenye shaka ya kama 81, na hapo unaweza kuzungumza.

Watu hupima sampuli saa mbili na tupu dakika mbili. Shaka ya tupu huingia kwenye jibu kama ile ya sampuli, kwa hiyo kwa kazi ya viwango vya chini tupu nayo ipewe muda mrefu.

Kikomo cha ugunduzi nakikokotoaje?

Kanuni inayotumika kote ni ya Lloyd Currie ya mwaka 1968: chukua mapigo ya usuli kwa muda wa kipimo, tafuta kipeuo chake, zidisha kwa 4.65, ongeza 2.71. Hicho ndicho kiasi kidogo cha mapigo unachoweza kuahidi kukigundua, ikiwa sampuli na tupu zimepimwa kwa muda sawa.

Kwa tritiamu kwenye maji: mililita 8 za maji, ufanisi asilimia 25, usuli mapigo 12 kwa dakika, muda dakika 100. Usuli ni mapigo 1,200, kipeuo chake 34.6, na kikomo kinakuwa mapigo kama 164. Geuza kwa dakika, kwa ufanisi na kwa ujazo, unapata kama Bq 14 kwa lita.

Je, ni kizuri? Inategemea swali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa tritiamu kwenye maji ya kunywa ni Bq 10,000 kwa lita, hivyo kwa afya ya jamii mashine hii inazidi mahitaji. Lakini mtaalamu wa maji chini ya ardhi anayetaka kujua kama kisima kinalishwa na mvua za karibuni hapati msaada hapo, kwa sababu mvua za leo kwenye ukanda wetu zina chini ya Bq 1 kwa lita. Yeye hulazimika kwanza kurutubisha maji kwa elektrolisisi, ambapo haidrojeni ya kawaida hutoka haraka na tritiamu hubaki nyuma, halafu kupima kwenye mashine ya usuli mdogo. Kumbukumbu za mvua za Entebbe na Dar es Salaam zilizomo kwenye mtandao wa kimataifa wa isotopu za mvua, unaoendeshwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, zimejengwa kwa kazi ya namna hiyo.

Matokeo yaliyo chini ya kikomo yaandikwe "chini ya 14 Bq/L". Sifuri si kipimo.

Maji ya kisima yamezidi kiwango cha jumla ya beta. Tufunge kisima?

Subirini kwanza. Jumla ya beta ni kipimo cha mchujo. Shirika la Afya Duniani linatumia Bq 1 kwa lita kwa beta na Bq 0.5 kwa alfa, na kupita hapo ni ishara ya kuchunguza zaidi, bado si hukumu.

Mshukiwa wa kwanza ni potasiamu. Kila gramu ya potasiamu ya asili hutoa beta kama 27.9 kwa sekunde kutoka kwa potasiamu-40, na mwili wa binadamu hudhibiti potasiamu yake mwenyewe, kwa hiyo kiasi hicho huondolewa kwenye hesabu. Maji yenye Bq 1.2 kwa lita na miligramu 20 za potasiamu kwa lita yanabaki na Bq 0.64. Yako chini ya kiwango. Kupima potasiamu kwa fotomita ya mwali ni rahisi, na haieleweki kwa nini ripoti nyingi hulirukia suala la urani bila kufanya hesabu hii ya mistari miwili. Kwenye maeneo ambayo jiolojia yenyewe ina historia, kama Minjingu kwenye fosfeti yenye urani, au kilima cha Mrima huko Kwale chenye thori nyingi, uchunguzi wa isotopu moja moja unastahili, lakini potasiamu iondolewe kwanza vilevile.

Angalieni pia namna sampuli ilivyoandaliwa. Kwa njia ya kukausha, maji huvukizwa na mabaki hupimwa kwenye kisahani ndani ya kaunta ya gesi. Tritiamu yote imeondoka na mvuke, kwa hiyo "jumla" hiyo haikuihesabu. Mabaki yakiwa mazito, beta dhaifu humezwa ndani yake, na ufanisi lazima upimwe kwa uzito unaofanana na huo. Kisahani kilichopimwa mara tu baada ya kukaushwa hubeba pia watoto wa radoni na thoroni walioshuka kutoka hewani. Wa radoni huisha kwa saa chache. Risasi-212 ya thoroni ina nusu-maisha ya saa 10.6, kwa hiyo siku tatu za kusubiri ndizo salama.

Cheti cha mionzi cha chakula: ni beta iliyopimwa?

Mara nyingi ni gama. Siziamu-137 hupimwa kwa kuweka chakula chenyewe kwenye chombo mbele ya kigunduzi, bila kemia. Strontiamu-90 haina gama ya kutegemea, na hupenda kufuata kalsiamu, yaani maziwa na mifupa, ndiyo maana ilifuatiliwa sana kwenye maziwa wakati wa majaribio ya mabomu angani na tena baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986. Kuipima ni kazi ya siku nyingi: maziwa huchomwa kuwa majivu, strontiamu hutengwa na kalsiamu kwa kemia, halafu unasubiri kama wiki mbili ili itriamu-90 ikue hadi karibu kulingana na mama yake, kisha unaipima itriamu. Ukuaji huo wa nusu-maisha ya saa 64 ni uthibitisho pia: mapigo yasipopanda kwa mwendo huo, ulichonacho si strontiamu-90.

Naweza kupima fosforasi-32 bila kokteli?

Ndiyo, na ni nafuu. Elektroni inayozidi keV 263 ndani ya maji hupita mwendo wa mwanga ndani ya maji hayo na kutoa mng'ao wa Cherenkov. Weka maji yenye sampuli kwenye kichupa, ipime kwenye mlango wa nishati ndogo (mlango ni mipaka ya nishati ambamo mashine huhesabu), utapata ufanisi wa kama asilimia 40. Kwenchi ya kikemia haipo, ya rangi ipo. Sampuli unairudisha ikiwa salama. Kwa kaboni-14 na salfa-35 njia hii haifanyi kazi kabisa, kwani hazifiki keV 263.

Usisahau kurekebisha kwa siku zilizopita. Baada ya wiki moja fosforasi-32 imebaki asilimia 71.

Na tritiamu pamoja na kaboni-14 kwenye kichupa kimoja?

Inawezekana kwa kugawa milango miwili ya nishati. Juu ya keV 18.6 iko kaboni peke yake. Chini yake ziko zote mbili, na mchango wa kaboni hukokotolewa na kutolewa. Panga jaribio ili tritiamu iwe nyingi kuliko kaboni; kinyume chake utakuwa unatoa namba kubwa kwenye namba kubwa ili upate ndogo.

Umeme ulikatika usiku. Naweza kuendelea?

Iache mashine itulie, kisha pima usuli na sanifu mbili zilizozibwa, ya tritiamu na ya kaboni-14, na uzilinganishe na chati ya wiki zilizopita. Kama huna chati, anza leo.

Angalia pia tarehe ya kompyuta. Sanifu ya tritiamu hupungua kama asilimia 5.5 kila mwaka, na programu huikokotoa kwa tarehe. Betri ndogo ya ndani ikifa na tarehe ikarudi miaka mingi nyuma, programu itadhani sanifu bado mpya na itakutangazia kwamba ufanisi umeanguka. Mafundi wameshaitwa kutoka mbali kwa tatizo hilo.

Kinga ya fosforasi-32: risasi ni bora?

Hapana, anza na akriliki ya sentimita moja. Beta kali zikigonga metali nzito kama risasi huzaa eksirei. Risasi nyembamba inaweza kuwekwa nje ya akriliki kama kiasi ni kikubwa. Vidole ndivyo vinavyopata dozi kubwa, kwa hiyo tumia koleo na uvae kipimo cha pete. Kwa tritiamu ngao haina kazi. Hatari ni kuimeza, kuivuta au kupenya kwake kwenye ngozi, hivyo badilisha glavu mara kwa mara.

Taka na mashine kuukuu tunazipeleka wapi?

Kwa Tanzania msimamizi ni Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, kwa Uganda ni Baraza la Nguvu za Atomiki. Masharti ya kibali chako ndiyo yanayosema nini kihifadhiwe na nini kitolewe. Isotopu za maisha mafupi huhifadhiwa zioze: nusu-maisha kumi za fosforasi-32 ni kama siku 143, na kilichobaki ni chini ya sehemu moja kwa elfu. Tritiamu na kaboni-14 zitenge tangu mwanzo, kwa sababu hazitaoza ukisubiri. Kokteli ni kemikali pia. Haimwagwi kwenye sinki hata ikiwa mionzi yake imekwisha.

Kuhusu mashine kuukuu: kabla halijaitwa gari la kubeba chuma chakavu, kumbuka kile chanzo cha gama kilichomo ndani. Kwenye baadhi ya mashine za zamani ni radiamu-226, yenye nusu-maisha ya miaka 1,600. Tafuta namba yake kwenye nyaraka, mjulishe msimamizi, na kitolewe na mtu mwenye kibali. Ngao ya risasi ndiyo itakayomvutia mnunuzi wa chakavu, na atakapoibomoa ndipo atakapokutana na chanzo hicho.